UZI: Hadithi za ajabu na mashairi mapya ya huku kwetu magharibi mwa Kenya. Leteni kazi, ila mtupunguzie maelezo

Msomaji wa Dunga (mwanzisha uzi)

Wadau, salamu kutoka Kisumu. Stima imepotea tangu asubuhi, naandika kwa simu yenye chaji ya kubahatisha, kwa hiyo mnivumilie herufi zikirukaruka.

Kikundi chetu cha kusoma, kile cha Jumamosi pale maktaba, kiliomba miswada kutoka kwa waandishi ambao hawajawahi kuchapishwa popote. Sharti lilikuwa moja tu: hadithi au shairi liwe na jambo lisilowezekana katika dunia hii tunayoijua. Jini, mashine, maiti anayeongea, mwaka ambao haujafika, vyote ruksa. Tulidhani tutapata vichache vya kupitisha asubuhi. Imekuja mpaka tukakosa pa kuiweka. Siaya, Ahero, Vihiga, Kakamega, Nakuru, hata mmoja wa Lodwar aliyesisitiza kwamba yeye naye ni wa magharibi. Hatukubishana naye.

Vipaji vipo. Hilo nalisema mwanzo kabisa ili msije mkasema mzee amekuja kuponda vijana. Ila nina malalamiko, na nitaanza na lile kubwa.

Waandishi wetu wanatueleza nyumbani kwetu kana kwamba tumeshuka jana kwenye basi la watalii. Dada mmoja aliandika hadithi inayopita karibu na Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la maji ya chumvi pale karibu na Kendu Bay. Ameniruhusu kubandika aya yake ya kwanza:

"Simbi Nyaima ni ziwa ambalo, kulingana na imani za jamii ya Waluo, lilitokea wakati kijiji kizima kilipozama kwa sababu wakazi wake walimnyima chakula bibi kizee aliyekuwa akipita njia. Akinyi na mama yake walikuwa wakisafiri kuelekea huko..."

Mimi hapo nimeshaanza kutafuta miwani nyingine. Tukamwuliza: huyo mama yake Akinyi anayaamini haya? Akasema anayaamini kabisa. Haya, sasa akipita pale na gari anafanya nini? Akanyamaza, akachukua karatasi zake. Jumamosi iliyofuata akaja na hii:

"Mama alipunguza mwendo tulipofika upande wa ziwa. Akashusha kioo, akatupa chapati moja nje, akapandisha kioo. 'Wakiuliza,' akasema, 'sisi tulitoa.'"

Oneni hiyo. Msomaji wa Tanga ambaye hajawahi kulisikia Simbi ataelewa kwamba mle majini mna watu, kwamba wana njaa, kwamba kuna siku watauliza. Na ataelewa kwamba mama huyu ana akili zake timamu na amejipanga. Yule dada alikuwa na hadithi tangu mwanzo, ila alikuwa ameiwekea mwongozo wa mwalimu mbele.

Malalamiko ya pili ni bei. Nguvu za ajabu zisizo na bei zinachosha haraka sana. Msimu huu nimesoma Luanda Magere, yule shujaa wa hadithi za Waluo, wa kila aina: mwenye roketi, mwenye suti ya chuma, na mmoja anayevalia Gor Mahia jezi namba tisa. Wote hawapigiki, na kwa sababu hawapigiki sina sababu ya kufungua ukurasa wa pili. Wazee waliotuachia kisa hicho walikuwa mafundi kutuzidi. Mwili wa jiwe, mikuki inadunda, lakini uhai uko kwenye kivuli. Na anayegundua ni mke aliyeletwa kutoka kwa maadui, siku mume alipougua akamwomba amchanje dawa pale kivulini. Nguvu, siri, ndoa na ugonjwa, vyote vimefungwa kwa kamba moja. Au Nyamgondho wa Gwassi: mvuvi fukara anavua bibi mwenye jicho moja, anamkaribisha kwake, zizi linajaa. Siku anamtukana akiwa amelewa, bibi anarudi ziwani na ng'ombe wote wanamfuata. Hakuna anayepigana na mtu. Ng'ombe wanaondoka tu, na msomaji anabaki akiwahesabu.

La tatu, na hili linanipandisha presha: "KUMBE ILIKUWA NDOTO". Kijana wa Siaya ametuletea kisa kizuri kuliko vyote nilivyosoma. Marehemu amezikwa, matanga yameisha, na kila tarehe 5 mchango wake wa chama cha kuzungushiana pesa bado unaingia kwa M-Pesa. Wanachama wanaitisha kikao. Katibu anasema afutwe kwenye orodha, kwa sababu katiba ya chama haitambui wafu. Mweka hazina anapinga: "Mnataka kumfuta mtu pekee anayelipa kwa wakati?" Halafu zamu ya marehemu kupokea inakaribia, na hakuna anayejua pesa zitumwe wapi. Nilicheka peke yangu hadi watu wa maktaba wakanigeukia. Na mwisho? Katibu anaamka jasho likimtoka. Ndoto. Nilitamani kurusha daftari dirishani. Kijana, ukinisoma hapa, rudi ukae kwenye hicho kikao mpaka wapige kura.

Basi uzi uko wazi. Bandikeni kazi zenu, tuzisome bila kupakana mafuta.

---

Kijana wa Kondele

Jaduong' (mzee wetu), nakuheshimu lakini hapa tupingane kidogo. Wewe umekulia kando ya ziwa, ndiyo maana chapati imekutosha. Mtu wa Mombasa au Dar akisoma atasema huyu mama anachafua barabara. Nisipomweleza atajuaje?

---

Msomaji wa Dunga

Ndugu yangu, wewe umesoma hadithi ngapi za Pwani zenye majini? Kuna mwandishi wa Pwani aliyewahi kusimama katikati ya hadithi akueleze jini ni nini, anakula nini, anaishi wapi kulingana na imani za jamii fulani? Anakuambia tu kwamba binti hapiti chini ya mbuyu ule saa saba mchana, nawe wa Kondele unaelewa na unaukwepa mbuyu pamoja naye. Wape wasomaji wako heshima ileile uliyopewa wewe.

Na "sisi tulitoa" inamweleza mtu wa Dar mambo mengi. Isome tena polepole.

---

Nyar Kendu

Mimi ndiye wa upande huo wa Simbi kwa hiyo naomba niseme. Jinsi nilivyosimuliwa na nyanya yangu, si kijiji chote kilichomnyima yule bibi. Kulikuwa na karamu, pombe na ngoma, wakamfukuza kila mahali, isipokuwa mama mmoja aliyempa chakula na mahali pa kuketi. Bibi akamwambia huyo mama aondoke usiku huohuo. Akaondoka. Wengine wakabaki na mvua ikaanza.

Sasa waandishi wote niliowasoma wanaandika kuhusu bibi au kuhusu waliozama. Mimi tangu utotoni namfikiria yule mama aliyeambiwa aondoke. Alipita mbele ya milango ya majirani usiku ule akiwa na mzigo kichwani. Aliwaambia? Kama aliwaambia hawakumwamini, kama hakuwaambia aliishi na hilo mpaka lini? Alifika kijiji kingine akasema ametoka wapi? Hiyo ndiyo hadithi ninayoitaka, na ikiwezekana aiandike mtu ambaye amewahi kuhama nyumba usiku.

---

Msomaji wa Dunga

Iandike wewe dadangu. Nasema kweli. Hiyo "akiwa na mzigo kichwani" tayari ni sentensi ya mwandishi.

---

Nyar Kendu

Nina watoto wawili na duka la M-Pesa. Nitaiandika nikistaafu 😂

---

Chai ya Nandi

Nami nichangie kutoka mlimani. Watu wakisema hadithi za wakati ujao ni kitu cha kuletwa kutoka Marekani huwa nashangaa. Kwetu inasimuliwa kwamba Orkoiyot Kimnyole, kiongozi na mtabiri wa Wanandi aliyeuawa mwaka 1890, alitabiri nyoka atakayetambaa kutoka maji ya mashariki mpaka ziwani akitema moto na moshi, na pamoja naye wageni watakaoichukua nchi. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Mwanawe Koitalel Samoei akapigana na huyo nyoka na waliomleta mpaka walipompiga risasi Oktoba 1905.

Amini utabiri au usiamini, shauri yako. Ninachosema ni kwamba umbo la hadithi liko pale: mtu ambaye hajawahi kuona injini anaitazama kwa macho ya mifugo na malisho, na jambo la kwanza analoliona ni nani atakayepoteza ardhi. Vijana wetu wakiandika juu ya roboti wanaona taa na sauti. Nani amenyang'anywa shamba ili kiwanda cha hizo roboti kijengwe? Hilo silioni kwenye miswada.

---

Mwalimu Mstaafu wa Bungoma

Nimefuatilia uzi huu kwa makini. Mna mambo mazuri ila mmetufanya sisi wa Bungoma kama hatupo. Mango aliyemuua joka lililokuwa likimaliza watu, na kwa ushujaa huo akapewa tohara ambayo Wabukusu wanaifuata hadi leo, hamjamtaja. Nawasamehe kwa sababu najua magari ya Kisumu huishia mji wa Luanda.

Nililotaka kusema hasa ni kuhusu mashairi. Msomaji wa Dunga ameandika kurasa nzima juu ya hadithi, ushairi akautaja kwa neno mojamoja tu. Ndiyo kawaida ya siku hizi. Tena vijana wamejengewa dhana kwamba ukitaka kuandika juu ya sayari, vyombo vya angani na mwaka 2100, lazima uvunje vina na mizani, eti arudhi, yaani kanuni hizo, ni ya kuandikia mapenzi na nasaha. Mzozo wa tungo huru ni wa tangu siku za mshairi Kezilahabi, miaka ya 1970, na mimi sina haja ya kuufufua. Huyo alikuwa bingwa na alijua alichokivunja. Lakini wewe ambaye hujawahi kutimiza mizani nane kwa nane, unavunja nini?

Ajabu inahitaji nidhamu. Msomaji akishakubali kwamba samaki wanatembea, mpe mdundo wa kumshikilia asianguke.

---

Mtoto wa Naks

Mwalimu, heshima. Mimi ni wa Nakuru, mtaa wa Section 58. Huku tuna kreta ya Menengai yenye mashimo ya mvuke na hadithi za watu wanaoingia kule wakazunguka siku nzima bila kuona njia ya kutoka, tuna ziwa lililopanda mpaka likameza nyumba na uzio wa mbuga, na mji wetu ndio ulimtoa mwandishi Binyavanga Wainaina. Lakini nilipojaribu shairi likanipeleka Kisumu, kule ufuoni Dunga, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ziwa letu linapanda nikaanza kujiuliza itakuwaje kwa lile linaloondoka. Linaitwa "Ziwa Limehama". Nabandika beti mbili za mwanzo, mnichape.

Ziwa limehama jana, limekwenda bila neno,
Mashua zimelalana, zimekosa mshikano,
Samaki wauziana wavuvi kwa mapatano,
Dunga pamebaki tope, tope linatutazama.

Reli nayo yanguruma, yaja bila abiria,
Mabehewa yasimama, kituoni yanalia,
Yauliza kwa huruma, mbona mwalinyamazia?
Dunga pamebaki tope, tope linatutazama.

---

Kijana wa Kondele

Samaki wauziana wavuvi! Weh. Hapo umenimaliza msee.

---

Mwalimu Mstaafu wa Bungoma

Nimehesabu kwa vidole na kwa kalamu. Mizani imetimia kila mshororo, ukwapi (kipande cha kwanza) nane na utao (cha pili) nane. Vina vinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti, kwa hiyo ni ukaraguni, hakuna kosa. Kibwagizo kinajitegemea na kinafanya kazi, hasa kwa vile tope limekuja kufunga ukwapi na kufungua utao.

Mshororo wa tatu wa ubeti wa kwanza ni wa kishairi kweli. Soko limebaki soko, lugha ya soko imebaki ileile, aliyebadilishwa ni muuzaji na muuzwaji. Hukupoteza hata silabi moja kutueleza kwamba "dunia imegeuka".

Sasa kichapo. "Zimekosa mshikano" ni ya nini? Mashua zina mshikano gani? Hilo neno limeitwa na kina, maana haikualikwa. Msomaji anasikia kabisa ukitafuta -no. Na "kwa huruma" kule chini nayo iangalie. Behewa lenye huruma ni behewa la vitabu vya watoto. Linaweza kuuliza kwa hasira, kwa kiu, kwa ukaidi. Huruma ni nyepesi mno kwa chombo cha chuma.

---

Mtoto wa Naks

Asante mwalimu. Huo mshikano ulinisumbua hata mimi nikajifanya sijauona. Nimekaa nao tangu jioni. Vipi hivi:

Mashua zimelalana, tope limeota meno

Kwa maana nilikwenda Dunga maji yakiwa yamepungua, na zile pua za mashua zilikuwa zimechomoza kwenye matope zimejipanga safu. Ya behewa bado sijapata.

---

Mwalimu Mstaafu wa Bungoma

Naam! Hilo uliliona kwa macho. Sasa tope lina meno na chini linatutazama, ubeti umejifunga wenyewe. Endelea hivyo. La behewa usiliharakishe, litakuja ukiwa unakatiza barabara.

---

Mama Duka wa Mbale

Nyote mnaongea vizuri. Swali langu fupi: haya mambo yanalipa? Binti yangu yuko mwaka wa pili chuo, anaandika usiku kucha habari za watu wanaotoka kwenye ukungu wa msitu wa Kakamega. Nasoma naogopa, ni kazi nzuri. Lakini nataka kujua nikimwacha aendelee atakula nini.

---

Msomaji wa Dunga

Mama, nitakujibu bila kukuzungusha. Kwa Kiswahili, hapa Kenya, kula kwa hadithi za ajabu peke yake ni kazi ngumu. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule. Kitabu kikiteuliwa kuwa cha lazima sekondari, kinauzwa nchi nzima. Kisipoteuliwa kinakaa dukani kikipigwa na vumbi. Kwa hiyo mhariri akipokea mswada wa binti yako, la kwanza atakalojiuliza ni kama unafaa darasani. Mwandishi mmoja wa kikundi chetu aliambiwa na mchapishaji, simtaji, kwamba mzimu wake "apunguzwe" na kiwekwe kisa cha dawa za kulevya. Hadithi ilikuwa ya mzimu.

Milango ipo lakini. Ipo Tuzo ya Kiswahili ya Safal, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Inatoa zawadi za riwaya na za ushairi, na uzuri wake ni kwamba inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Mwambie binti afuatilie matangazo yake ya kila mwaka asome masharti kwa makini, maana wengi huangukia kwenye idadi ya maneno kabla hata ya kusomwa.

Majarida ya mtandaoni mengi ni ya Kiingereza. Lolwe, alilolianzisha Troy Onyango mwaka 2020, limebeba jina la ziwa letu. Omenana la Nigeria limekuwa likichapisha hadithi za namna hii za Kiafrika tangu 2014. Kikundi cha waandishi cha Jalada walitoa toleo zima la Afrika ya wakati ujao mwaka 2015, na mwaka uliofuata wakachukua hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Gĩkũyũ wakaitafsiri kwa makumi ya lugha, Kiswahili kikiwemo. Marekani kuna majarida yanayolipa kwa neno. Mwaka 2019 chama cha waandishi wa hadithi za namna hii kule kilihesabu senti 8 za dola kwa neno kuwa ndiyo malipo ya kitaaluma. Kwa hesabu hiyo hadithi ya maneno 3,000 ni dola 240. Si haba. Ila foleni ni ndefu na wanaotuma ni dunia nzima.

Na shairi mojamoja kwenye ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo bado ni njia nzuri ya kujulikana, hasa akijua arudhi kama huyu wa Nakuru.

---

Mama Duka wa Mbale

Dola 240 ni karo ya mtu. Nitamwambia aandike kwa lugha zote mbili. Asante.

---

Chai ya Nandi

Kwa lugha zote mbili sawa, lakini asitafsiri. Aandike mara mbili. Hadithi iliyotafsiriwa na mwenyewe kwa haraka huwa inavaa koti la mwenzake.

---

Kijana wa Kondele

Wadau kuna hili jambo hamjaligusa. Akili unde, hii AI. Rafiki yangu alitengeneza "hadithi ya ajabu ya Kisumu" kwa dakika moja, imejaa upepo wa ziwa, bibi mwenye hekima na mwisho mtoto anatabasamu jua likizama. Je, huko kwenye majarida wanajuaje?

---

Msomaji wa Dunga

Walishafurikwa. Februari 2023 jarida moja kubwa la Marekani, Clarkesworld, lilifunga mlango wa kupokea hadithi kwa muda kwa sababu ya wingi wa zilizotengenezwa na mashine. Wanajuaje? Umeshajibu mwenyewe: bibi mwenye hekima. Mashine haikai kwenye kikao cha chama, haiwezi kujua kwamba marehemu akilipa kwa wakati watu watamtetea.

Hata hivyo, tusijidanganye. Miswada kadhaa iliyotufikia ilikuwa na bibi huyohuyo na iliandikwa kwa mkono.

---

Nyar Kendu

😂😂 Jaduong' una mdomo.

Lakini kuna wanaosema pia Kiswahili hakijawahi kuwa na hadithi za anga za juu. Nilipokuwa shule nilisoma riwaya ya *Walenisi* ya Katama Mkangi, ilitoka 1995. Mtu aitwaye Dzombo anahukumiwa kifo, anapakiwa kwenye chombo kinachoruka, anafika nchi yenye utaratibu mwingine kabisa. Nilimwona Dzombo mpaka usingizini. Kwa hiyo njia ilishafyekwa zamani, ni sisi tuliiacha ikaota nyasi.

---

Dereva wa Busia

Habari za usiku wakubwa. Mimi si mwandishi, naendesha lori Mombasa hadi Kampala, huwa nasoma tu huku nikikaa foleni. Lakini hii foleni ya Malaba imenipa wazo, mniambie kama ni upuuzi.

Foleni ya malori imekaa miaka arobaini. Hakuna anayejua nini kilisimamisha mbele. Watu wameoa kwenye foleni, watoto wamezaliwa kwenye foleni. Wana chifu wa kilomita ya kwanza, chifu wa kilomita ya pili mpaka kule nyuma. Kila jioni wote wanawasha injini kwa dakika tano ili zisife. Huo ndio wakati wa kusali. Kuna kijana amezaliwa pale, ana miaka kumi na tisa, baba yake akifa yeye ndiye atakayerithi usukani. Siku moja lori la mbele yake linasogea mita mbili.

Nimefika hapo.

---

Msomaji wa Dunga

Wewe si mwandishi? Nani amekuambia?

Usiguse chochote. Usitueleze nani aliisimamisha. Hiyo ya kuwasha injini jioni iwe ndiyo mwanzo, kabla hatujajua ni miaka mingapi. Tuone tu mama anamwita mtoto, "Njoo, injini," kama watu wanavyoitana mezani.

---

Mtoto wa Naks

Mita mbili! Mkuu, hiyo mita mbili ni hatari. Watu wa kilomita ya tatu watasikia lini? Habari itafika ikiwa mita ngapi?

---

Dereva wa Busia

Kweli hiyo. Kufika nyuma itakuwa imeshakuwa mita mia. Kuna wengine watauza vitu vyao usiku huohuo.

---

Nyar Kendu

Na malori yamebeba nini?

---

Dereva wa Busia

Hawajui dada. Kontena zina muhuri. Kuvunja muhuri ndiyo dhambi kubwa kuliko zote, mtu anafukuzwa kwenye foleni, anaenda kuishi kando ya barabara na watu wasio na namba.

---

Nyar Kendu

Basi mama yake avunje. Kijana ameketi kwenye usukani anashangilia mita mbili, mama yuko nyuma na nyundo.

---

Mwalimu Mstaafu wa Bungoma

Mimi ni mtu wa mashairi lakini hapo kwenye nyundo nimesimama wima.

---

Dereva wa Busia

Mmenipa kazi. Mbele wameanza kusogea hapa, naweka simu chini. Nikivuka Tororo nitaandika.

---

Msomaji wa Dunga

Safari njema, tunasubiri. Kijana wa Siaya bado sijakuona humu, kikao cha chama hakijafungwa. Na wengine mnaotuma kwenye inboksi picha za daftari zilizopigwa usiku, tafadhali chapeni. Macho yangu ni ya zamani, na kuna mmoja nimesoma "ndege" mpaka mwisho kumbe ni "ndoo".